Majora Mawili ya Damu ya Mzee: Lenzi Inavyopinda Mwanga na Rangi Inakotoka

Kamati ya harusi ilinituma Kariakoo kununua kitambaa cha sare. Rangi ilishapitishwa kikaoni baada ya mabishano ya wiki mbili: damu ya mzee. Jora la kwanza likaisha kabla mita hazijatimia. Muuzaji akashusha jora jingine kutoka rafu ya juu, akalilaza kando ya lile la kwanza chini ya taa ya tyubu, tukaangalia sote watatu, mimi, yeye na kijana wake. Ile ile. Nikalipa, nikafunga mzigo, nikapanda daladala.

Kesho yake asubuhi nikampelekea fundi. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, cherehani yake iko barazani, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Aliivaa, akashika pindo la kila kitambaa kwa vidole viwili, akatoka navyo juani. Akarudi ndani. Akatoka tena.

"Mwanangu, hizi si sare," akasema. "Hiki ni damu ya mzee. Hiki ni kahawia."

Na kweli. Juani kimoja kilikuwa chekundu kilichokolea, kingine kimekimbilia kwenye kahawa. Tukiviingiza ndani chini ya taa yake, vinafanana kama pacha. Nilikuwa nimeshaanza kumtukana muuzaji moyoni, lakini ukweli ni kwamba hakunidanganya. Tulisimama pamoja, tukaona kitu kimoja.

Tatizo limeanzia kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili rangi hununuliwa dukani kwa lita. Hupakwa ukutani, hutiwa kwenye nguo, huchuja, hupauka. Mtu aliyekua na neno hilo anaamini bila kufikiri kwamba rangi imo ndani ya kitu, imetulia humo usiku na mchana, taa iwake isiwake. Hata majina ya rangi zetu yanatusukuma huko. Ukiacha weupe, weusi na wekundu, ambazo ndizo pekee zinazobadilika kufuata ngeli, karibu zote nyingine tumeziazima kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda. Rangi ni kitu, basi. Kumbe sivyo, na waliogundua kwamba sivyo walianzia kwenye kile kilichokuwa puani kwa yule fundi: lenzi.

Tuanze na kasi. Mwanga ukiwa kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na kitu hata hewa, hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hewani ni kama hivyo hivyo. Ukiingia majini hushuka hadi kama kilomita 225,000. Kwenye kioo cha kawaida hushuka hadi kama 200,000, na kwenye almasi hadi kama 124,000. Hapo ndipo wengi wetu tuliachwa na mwalimu darasani. Sawa, umepunguza mwendo. Lakini kwa nini upinde?

Mtazame mtu wa mkokoteni anayetoka kwenye lami kuingia kwenye mchanga. Akiingia moja kwa moja, magurudumu yote mawili yanagusa mchanga kwa pamoja. Mkokoteni unakuwa mzito, lakini hauachi mwelekeo wake. Akiingia kwa mshazari mambo yanabadilika. Tuseme gurudumu la kushoto limetangulia kugusa mchanga. Hilo linazama na kuchelewa, huku la kulia lingali linateleza kwenye lami. Mkokoteni unageukia kushoto wenyewe, hata mwenye nao asipotaka. Akifika ng'ambo ya mchanga kwa mshazari ule ule, gurudumu la kushoto ndilo linalotangulia kupanda lami na kushika kasi, na mkokoteni unageukia kulia. Mwanga hauna magurudumu, una mawimbi. Lakini wimbi lina upana, na upande mmoja wa wimbi hutangulia kuingia kwenye kioo kabla ya mwingine. Mpindo wote wa mwanga umo katika tofauti hiyo ya nukta ya wakati.

Wavuvi wa mkuki wanalijua hili bila hesabu. Mwanga unaotoka kwa samaki hupinda ukifika kwenye uso wa maji, na jicho, lisilojua habari za kupinda, linafuata mstari ulionyooka na kumwona samaki juu zaidi ya alipo. Kwa hiyo mkuki hulengwa chini yake. Maji yenye kina cha mita 2, ukiyatazama kutoka juu, yanaonekana kama mita 1.5, na hiyo nusu mita iliyofichika inatosha kumshangaza mtoto aliyerukia bwawani akidhani atasimama.

Kanuni kamili ya mpindo huo, yaani kiasi gani kwa mshazari gani, iliandikwa kwanza na Ibn Sahl huko Baghdad mwaka 984, alipokuwa akitafuta umbo la lenzi la kukusanya mwanga mahali pamoja ili kuunguza. Ulaya ilikuja kuipata upya kwa Mholanzi Willebrord Snellius mwaka 1621, Mfaransa René Descartes akaichapisha mwaka 1637, na vitabu vyetu vya shule vikaiita kanuni ya Snell. Ibn Sahl hakubahatika kuwa na mchapishaji.

Sasa kioo cha dirisha. Pande zake mbili ziko sambamba, kwa hiyo mwanga unaopinda ukiingia unapindika kinyume ukitoka, na mambo yanabaki yalivyokuwa. Lenzi ni kioo kilichonyimwa usambamba huo. Lenzi mbinuko, iliyonenepa katikati, inakutana na mwanga kwa mshazari mdogo karibu na katikati na mshazari mkubwa kuelekea ukingoni. Mwanga unaopita katikati kabisa haupindi. Unaopita kando unapinda kidogo, wa ukingoni unapinda sana, na wote unaelekea ndani. Lenzi ikisuguliwa vizuri, miale yote inakutana karibu nukta moja. Kila mtoto aliyewahi kuchoma karatasi kwa kioo cha kukuzia ameiona nukta hiyo, na ameshaunusa moshi wake. Lenzi mbonyeo, nyembamba katikati na nene kandoni, hufanya kinyume: inatawanya.

Namba zilizoandikwa kwenye karatasi ya miwani ni hesabu ya umbali huo tu. Miwani ya fundi ni +2.00. Maana yake ni kwamba mwanga wa jua utakutana nusu mita nyuma ya kioo, kwa kuwa 1 gawanya kwa 2 ni nusu. Ya +1.00 ingekutanisha kwenye mita nzima. Alama ya kutoa huonyesha lenzi mbonyeo, za watu wasioona mbali.

Kama una miwani nyumbani usiyoijua ni ya aina gani, ishike juu ya gazeti, kama shibiri moja kutoka kwenye karatasi, kisha isogeze polepole kulia. Maandishi yakikimbia kushoto, yaani kinyume cha mkono wako, ni ya kujumlisha. Yakifuatana na mkono, ni ya kutoa. Mafundi wa miwani wametumia hila hiyo miaka mingi, na nimeifanya kwa miwani ya marehemu babu yangu nikagundua kwamba alikuwa akisoma magazeti kwa miwani ya kuonea mbali. Ndiyo maana alikuwa akiyanunia.

Jicho nalo ni lenzi, ila wengi tunakosea kudhani kazi yote inafanywa na ile lenzi ya ndani. Sehemu kubwa, karibu theluthi mbili, inafanywa na konea, ule utando mwangavu ulioko mbele kabisa, kwa sababu hapo ndipo mwanga unapotoka hewani na kuingia kwenye kitu chenye majimaji, na tofauti ya kasi ni kubwa. Piga mbizi ukiwa umefumbua macho uone. Majini, kasi ya mwanga nje ya konea na ndani yake ni karibu sawa; mkokoteni umetoka mchangani ukaingia mchangani. Konea inapoteza kazi na dunia nzima inakuwa ukungu. Miwani ya kuogelea haina nguvu yoyote ya lenzi. Inachofanya ni kuirudishia konea hewa yake.

Lenzi ya ndani kazi yake ni marekebisho: inanenepa ukitazama karibu na kunyooka ukitazama mbali. Kadiri umri unavyosonga inakakamaa, na kwenye miaka arobaini hivi mtu anaanza kuipeleka simu mbali na uso hadi mkono unakwisha. Hapo tundu la sindano linageuka adui, na fundi wangu akatundika miwani shingoni.

Nilipoijaribu miwani yake, ya plastiki ya bei nafuu, niliona jambo jingine. Ukitazama kwa katikati, hakuna kitu. Lakini ukitazama kingo za dirisha kwa ukingo wa kioo, upande mmoja wa mbao una mstari mwembamba wa bluu, na upande wa pili mstari wa rangi ya chungwa. Dirisha halina rangi hizo. Miwani nayo haina rangi yoyote. Basi zimetoka wapi?

Swali hilo liliwasumbua watengeneza darubini kwa miongo mingi. Kila nyota ilikuja na upindo wa rangi. Jibu la wasomi wa wakati ule lilikuwa kwamba kioo kinauchafua mwanga: unaingia safi, unatoka umetiwa rangi, kama maji yaliyopita kwenye bomba lenye kutu. Ni jibu lenye mantiki. Mimi ningelikubali.

Mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton hakulikubali. Chuo cha Cambridge kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya tauni ya mwaka 1665, naye alikuwa akihangaika na usuguaji wa lenzi. Akatia chumba giza, akatoboa tundu dogo kwenye ubao wa dirisha, akaupitisha mwale wa jua kwenye prizimu, kile kipande cha kioo chenye pande tatu. Ukutani ng'ambo alitegemea doa la duara kama jua. Akapata mkanda, urefu wake karibu mara tano ya upana, nyekundu kwenye ncha moja na urujuani kwenye nyingine. Urefu ule ndio uliomshtua kuliko rangi zenyewe, maana kanuni ya Snell haikuruhusu kitu kama hicho iwapo mwanga wote unapinda sawa.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya sawasawa. Akaziba rangi zote isipokuwa moja, akaipitisha hiyo kwenye prizimu ya pili. Kama ni kioo kinachotia rangi, prizimu ya pili ingeongeza nyingine. Nyekundu ilitoka nyekundu. Urujuani ulitoka urujuani, na safari hii pia ulipinda zaidi ya nyekundu. Kioo hakikuongeza chochote. Kilikuwa kinatenganisha vilivyokuwamo tangu mwanzo. Mwanga mweupe, kumbe, ni kama bizari ya pilau: machoni ni unga mmoja, lakini mwenye pua anajua ndani mna mdalasini, iliki na pilipili manga. Newton aliyapeleka haya kwa barua London mwaka 1672, na wakubwa wa sayansi wakagombana naye kwa miaka.

Kwa nini urujuani upinde zaidi? Wimbi lake ni fupi, karibu nanomita 400 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), wakati la nyekundu ni karibu 700. Elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme zilizomo kwenye kioo, hutikiswa na kila wimbi linalopita, na zenyewe zina mapigo yao ya asili, ya kasi kuliko hata ya urujuani. Wimbi linalokaribia mapigo hayo linanaswa zaidi, na kuchelewa zaidi. Tofauti ni ndogo mno: kioo cha kawaida huigawanya kasi ya mwanga mwekundu kwa kama 1.51, na ya urujuani kwa kama 1.53. Hiyo 0.02 ndiyo mstari wa bluu kwenye dirisha la fundi. Ndani ya matone ya mvua tofauti ya namna hiyo hiyo ndiyo inayotandaza upinde angani.

Newton aliamua kwamba ugonjwa wa lenzi hauna dawa, akajitengenezea darubini ya kioo cha kujitazamia mwaka 1668. Hapo alikosea. Katika miaka ya 1730 mwanasheria mmoja wa Uingereza, Chester Moor Hall, aliwaza kuunganisha lenzi mbili za aina tofauti za kioo ili moja isahihishe rangi za nyingine. Inasimuliwa kwamba ili siri isivuje aliagiza kila lenzi kwa fundi wake, na mafundi hao wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakaipeleka kazi kwa msuguaji yule yule, George Bass, ambaye aliona vipimo vinalingana akaziunganisha. Aliyepata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, mwaka 1758 ni John Dollond. Kamera ya simu yako ni mjukuu wa hila hiyo: nyuma ya kile kidoa cha kioo kuna lenzi tano, sita au zaidi zimepangwa moja nyuma ya nyingine.

Haya, turudi kwenye kitambaa, maana sasa tuna tulichokikosa dukani. Kama mwanga mweupe una rangi zote, kitambaa hakihitaji kuwa na rangi hata moja. Kinahitaji kumeza baadhi na kurudisha nyingine. Nyanya iliyoiva humeza bluu na kijani, ikarudisha nyekundu. Jani linakula nyekundu na bluu, ndicho chakula chake, na kijani ni makombo. Shati jeupe linarudisha karibu vyote; jeusi linameza karibu vyote na kuugeuza mwanga kuwa joto, kama ajuavyo aliyesimama kituoni saa sita mchana akiwa na shati jeusi. (Mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi na manyoya ya tausi ni kesi nyingine: rangi zake zinatoka kwenye mawimbi yanayogongana kwenye tabaka nyembamba. Tuyaache.)

Lakini kitu hakiwezi kurudisha kisichopewa. Wazamiaji wanalijua: maji humeza mwanga mwekundu kwanza, na mita kumi chini kitambaa chekundu kinakuwa cheusicheusi hadi uwashe tochi. Zile taa za barabarani za sodiamu za shinikizo dogo zilikuwa hivyo hivyo. Zilitoa karibu rangi moja tu, njano ya nanomita 589, na chini yake gari jekundu na la bluu yalikuwa kahawia na nyeusi. Mwenye gari alilipata kwa namba.

Bado kuna mhusika wa tatu. Jicho haliwezi kupima bizari kiungo kwa kiungo. Nyuma yake, kwenye retina, kuna aina tatu tu za chembe za kupokea rangi: moja husikia zaidi mawimbi marefu, ya pili ya kati, ya tatu mafupi. Ubongo unapewa namba tatu, basi, na kutokana na hizo unatunga rangi zote unazozijua. Unaweza kuliona hili kwa lenzi ya bure. Fungua picha ya njano kwenye simu, chovya kidole majini, dondosha tone dogo sana juu ya kioo cha simu. Tone ni lenzi mbinuko. Ndani yake utaona nukta nyekundu na nukta za kijani zinazowaka, na za bluu zilizozimika. Hakuna hata nukta moja ya njano. Njano imetungwa kichwani mwako, kwa sababu nyekundu na kijani zikija pamoja zinatoa namba tatu zile zile ambazo njano halisi ingezitoa.

Kwa hiyo vitu viwili vinaweza kurudisha mwanga tofauti kabisa na bado kutoa namba tatu zile zile. Hapo ndipo nilipotegwa Kariakoo. Majora yale yalitiwa rangi kwa dawa tofauti, huenda hata na viwanda tofauti, na kila dawa ina mawimbi yake inayoyameza. Taa ya tyubu haitoi mchanganyiko uliojaa kama wa jua. Ina vilele vichache na mabonde katikati. Kwenye mabonde hayo ndiko vitambaa vyangu vilikotofautiana, na mahali ambapo taa haitoi kitu, tofauti haionekani. Jua lilimimina mwanga hata mabondeni, na namba tatu za kitambaa kimoja zikaachana na za kingine. Wauzaji wa siku nyingi hukwambia, "Toka nacho nje ukiangalie, dada," na mimi nilidhani ni ukarimu tu.

Fundi hakutaka habari za mawimbi. Alipima kwa futi, akahesabu, akasema cha kahawia tukifanye vilemba na mikanda, cha damu ya mzee kiwe magauni, watu watadhani tumekusudia. Kamati ilinung'unika ikakubali. Siku yenyewe tulipigwa picha bustanini saa kumi jioni, na kila aliyetusogelea alisifia vile tulivyochanganya rangi mbili. Saa mbili usiku tukaingia ukumbini, taa zikawashwa, na mwenyekiti akanivuta kando kuniuliza ni lini tumebadilisha vilemba.